Viti vya Darasa la Tatu

Viti vya darasa la tatu vilikuwa vimerundikwa uani, miguu juu, vyote. Mama Panzi alivipita bila kusimama. Karakanani kwake alikuwa ameacha kochi la mteja limechanwa nusu, sponji nje, akaja na futi ya kupimia vitambaa bado inaning'inia shingoni mwake. Hakuna aliyemwita shuleni. Panzi ndiye aliyemwambia asubuhi, huku akitafuta kiatu cha pili, kwamba Ijumaa itakuwa mwisho wake pale. Mama mtu akaona hiyo Ijumaa haifiki kabla yeye hajasema lake.

Ofisini aliwakuta wawili. Mwalimu wa nidhamu, kijana mwenye shati lililonyooshwa likanyooka, aliinuka na kumwamkia shikamoo. Mwalimu mkuu, mvi kichwa kizima, hakuinuka.

"Hujabadilika, mama," alisema. "Lakini hili ni jambo la ndani ya shule. Halina haja ya mzazi."

"Panzi ni wangu. Akiguswa yeye, nimeguswa mimi."

Akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. Kiti kilikuwa kimebonyea katikati, kazi ya fundi wa kubahatisha, naye akakidharau kimoyomoyo kabla hata hajaanza kusikiliza.

Kijana ndiye aliyetaja makosa. Panzi hatulii. Kengele ikilia, hasikii. Akipewa kitu, anakipoteza. Ufunguo wa stoo ulikuja kuonekana ndani ya ndoo ya maji. Asubuhi mstarini, mkuu akihutubia, yeye anahesabu ndege juu ya bati. Jana darasa zima lilikuwa uani likipima vivuli, yeye mbele. Na leo, viti. Ameonywa mpaka waonyaji wamechoka.

Mama hakubisha hata moja. Mwanawe anamjua, nyumbani masufuria yaliyoungua kwa sababu Panzi aliona kitu kingine cha kufanya yangejaza kapu. Kilichomkera ni lile neno ambalo kijana alilirudia kila mwisho wa kosa, kwamba Panzi hajali. Hilo hakulimeza. Akawaeleza yale aliyoelezwa na daktari wa watoto: kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwambia mtu ngoja, kaa, maliza hili kwanza, kwa watoto wengi wa aina ya Panzi hukomaa polepole kuliko kwa wenzao. Haijaharibika. Inachelewa tu.

"Habari za ubongo unaochelewa nilishazisikia kwako," mkuu alisema. "Utachelewa mpaka lini?"

"Ubongo mwingine hautulii maisha yote, mwalimu. Mwenyewe anajifunza kuishi nao. Nyinyi je, mmejifunza nini?"

Kijana akakohoa. Mkuu akaanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Hapo ndipo mama alipolitoa lile alilokuwa amelikalia siku zote. Alikumbusha kwamba Panzi alipoingia darasa la kwanza alifungwa kwenye kiti kwa mkanda wa suruali, humu humu, mpaka yeye alipokuja kumfungua. Mtoto alikuwa amejikojolea, na wenzake wamezunguka wanacheka. Aliyasema hayo taratibu, akimtazama mkuu usoni.

"Na mkanda ulikuwa wako," akamalizia.

"Hayo yamepita, mama."

"Kwako yamepita."

Kisha mama akasimama, akaweka sharti lake. Waende darasani sasa hivi, wote watatu, wakamtazame Panzi kwa macho yao badala ya kumhukumu wakiwa ofisini. Wakikuta fujo, hana haja ya kungoja Ijumaa, anaondoka naye leo hii mkono kwa mkono. Alipoyasema hayo alijua anacheza kamari, maana fujo na Panzi ni ndugu wa toka nitoke. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka na kuyarudisha hakutaka.

Walipopita uani, kijana alibeba kiti kimoja begani ili aanze kazi ya kuvirudisha. Wakasimama penye dirisha la pembeni, ambapo ubao hauonekani.

Watoto wengine walikuwa wamesimama wakiandikia ukutani. Wengine walilala kifudifudi, daftari mbele ya pua. Mmoja alikuwa akizunguka peke yake kule nyuma, midomo ikihesabu. Yule binti ambaye mkuu mwenyewe alikuwa ameshawaambia wazazi wake kwamba hafundishiki alikuwa akiruka kwa mguu mmoja juu ya namba zilizochorwa sakafuni, na kila akitua anataja jibu la mara saba. Hakukosea. Alifika mwisho, akageuka, akaanza kurudi kinyumenyume.

Mkuu alimtazama mpaka pumzi zake zikatia ukungu kwenye kioo. Kijana akanong'ona kuuliza kiti akipeleke wapi.

"Kiweke chini," mkuu alisema. "Hapo hapo nje."

Mama Panzi alitaka kulia, akajikatalia. Hakungoja mtu amfungulie. Aliusukuma mlango mwenyewe.

Panzi akageuka kutoka ubaoni, ndevu zimejaa vumbi la chaki, miguuni viatu viwili visivyofanana.

"Shikamoo, mama," akasema.

Na darasa zima, lililokuwa likimfuatisha mwalimu wake kila neno tangu asubuhi, likamfuatisha na hilo: "Shikamoo, mama."