Kiapo cha Mwenye Nyumba

Polisi walipoingia asubuhi ile, karatasi za Anselme za kumkana Mungu, zilizopigwa marufuku na mfalme, nilikuwa nimeshazificha kiunoni, ndani ya sketi. Jasho lilizigandisha tumboni.

Anselme, mwanafalsafa niliyempangisha chumba cha juu hapa Paris, alisimama ukutani, uso umesawijika. Miezi minane tumegombana mezani. Yeye husema Mungu hayupo na kiapo ni pumzi tu. Mimi sikosi misa.

Walipasua godoro, wakamwaga hata supu yangu ya vitunguu. Hawakupata kitu.

Ofisa akatoa msalaba wa shaba. "Mama, shika hapa. Apa kwamba huna maandishi yake, nasi twende zetu."

"Na supu mliyoimwaga? Mchana nile nini?" nikasema, nikimchelewesha.

"Apa!"

Nikisema kweli, Anselme atafia gerezani. Nikiapa uongo, roho yangu imepotea. Vidole vilishagusa shaba ya baridi.

"Naapa kwamba..."

"Acha, mama!" Anselme alipaza sauti. "Usiape, nakuomba. Ofisa, maandishi yapo. Mimi ndiye niliyemlazimisha kuyaficha."

Kisha akawanyooshea mikono yake yenye madoa ya wino, wamfunge.