Sharti la Kuingia Durriya

Hapana mji uliopambwa kama Durriya, pale jangwa linapobusiana na bahari, penye misikiti ya marumaru isiyoshika joto na mabustani yanayochanua juu ya mchanga mkavu. Sharti lake ni moja: mgeni huondolewa kiu mwilini kabla ya safari, na ikiisha kuondolewa hairudi tena.

Alasiri moja ya Ramadhani, Bi Mwanashaha alikuwa akikunja buibui jipya sandukuni, na mumewe, Khatibu, akitazama picha za minara ya Durriya ukutani.

"Kwa tabibu twende baada ya Idi, bwana. Saumu bila kiu ni saumu gani?"

"Weye nawe! Tazama mnara ule!"

Akatazama. "Subhanallah," alinong'ona kwa uzuri ule.

Magharibi ikaadhiniwa. Akammiminia mumewe maji. Khatibu alikula tende, akashukuru, akairudia minara yake. Gilasi hakuigusa.

"Ulikwenda lini kwa tabibu?"

"Juzi," alijibu bila kugeuka. "Haiumi, mke wangu."

Tangu waoane, Bi Mwanashaha hajapata kufuturu maji kabla ya mumewe. Alishika gilasi yake, koo limemkauka, akamngoja.