Chetezo Kisicho na Moshi

Tangu moshi upigwe marufuku majumbani, hata ule wa udi, kila mwanamke mtaani kwetu anataka mumewe amtengenezee chetezo cha upepo. Changu alikiunda Shaibu kwa mikono yake: feni ndogo chini, waya wa umeme wa kupasha joto juu yake, kisha kichungi ndani ya chimni ya taa. Upepo wa moto hupita kwenye udi na kutoa harufu bila kuunguza kitu.

"Kipya kabisa, mke wangu," aliniambia. "Wewe ndiye wa kwanza."

Alipokwenda msikitini nikafungua kichungi nitie udi. Ndani mlikuwa na ua la asumini, limekauka, zima, hata kikonyo chake kipo. Mimi asumini hunipigisha chafya. Halijaingia nyumbani humu tangu tuoane. Zamani moto ungeligeuza jivu, nami ningelala usingizi wangu.

Sikulia. Nilichuma asumini mbichi uani kwa jirani, nikazitia, nikawasha, nikakaa kitandani nimebana pua.

Shaibu aliingia, akavuta pumzi, akafumba macho. Akatabasamu kabla hajakumbuka yuko nyumba ya nani.