Mlinzi wa Mfereji

Arap Mibei aliletwa mbele ya baraza akiwa bado amevaa koti lake lenye matope. Tangu maiti zilipotolewa mtoni hakuwa amesema neno na mtu yeyote, hata na mkewe.

"Huyu ndiye alimaliza watu wangu," alisema Onsongo. Alikuwa nyapara wa wachimbaji wa mfereji, Mkisii mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde, na sasa sauti hiyo ilikuwa imekauka kwa kulia. "Alikuwa anaona mto kutoka juu. Bibi yangu Yunia alikuwa chini."

Bwana Shauri, afisa wa serikali aliyekuja kusikiliza kesi, alitikisa kichwa. Hakuuliza habari za mfereji wenyewe, na wazee wa baraza wala hawakutaka aulize. Shamba la chai la juu lilikuwa limechimba mitaro yake hadi mpakani, likaiachia hapo. Baraza la huku chini, upande wa Kiptere, nalo likaanza kuchimba mfereji wa kupokea maji hayo na kuyashusha mtoni. Kila upande ulipanga kilima chake vizuri sana. Maji ya vilima vyote yakikutana bondeni siku moja itakuwaje, hilo halikuwa na mwenyewe. Wakaona inatosha kumweka mzee mmoja kwenye ukingo wa juu awe anaangalia.

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Mvua ya Kericho huja karibu kila alasiri, mara nyingi na mawe yake. Arap Mibei akiiona inavuka msitu, aliwaita wachimbaji wakimbilie banda la uji lililokuwa kando ya mto, alikopika Yunia. Ila ulimi wake wa Kikipsigis na herufi b hawakuwa marafiki. Bwana alikuwa pwana, barabara ilikuwa parapara, na banda likawa panda.

"Panda! Panda!" alikuwa akiita kutoka ndani ya ukungu, na wachimbaji walivunjika mbavu kwa kucheka huku wakikimbilia banda.

Okello, kijana wa kutoka ziwani, alikuwa na mchezo wake. Kila akisikia mwito ule alirukia mti uliokuwa karibu na kukwea hadi juu. "Nimepanda, mzee! Nishuke saa ngapi?"

Yunia ndiye aliyewakemea. "Wacheni mzee wa watu. Akisema p, nyinyi sikieni b. Hiyo nayo ni kazi ngumu?" Kisha alijaza kibuyu uji na kumpelekea arap Mibei huko juu, kabla ya kumpa mtu mwingine yeyote. Mzee alimpenda kama binti yake, na hakuwa na haya kulisema.

"Siku hiyo ulisikia nini?" Bwana Shauri alimuuliza Onsongo.

"Nilikuwa kwa kona ya mfereji, hapo katikati. Mvua ilikuwa inaanza tu. Nikasikia huyu mzee anaita vile anaita kila siku. Panda, panda. Mto inakuja na miti mizima, yeye anadhani ni mvua ya kawaida! Anatuma watu banda!"

"Una hakika na neno hilo?"

"Bwana, mimi mwenyewe nilimrudishia Yunia. Alikuwa amesimama nje, hajasikia vizuri, akaniangalia. Nikamwambia kwa sauti yangu yote, Yunia, ingia banda! Akanipungia mkono, akaingia. Wengine wakamfuata."

Akaangua kilio. Hata askari wa mlangoni aligeuza uso, maana kilio cha mtu mzima kama yule hakitazamiki.

Okello aliitwa. Kati ya wote waliokuwa bondeni, yeye peke yake ndiye aliyebaki hai, na alisimama pale kama mtu aliyekamatwa akiiba.

"Mimi nilikuwa kwa mti," alisema. "Nilikuwa nacheza tu, vile nimezoea. Maji ikapita chini yangu. Ikabeba banda na watu wakiwa ndani." Akafunika uso kwa kofia. "Nilikuwa nacheza tu, Bwana."

Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja wa wazee wa baraza, aliyekuwa na haraka ya kesi kuisha, alisema mambo sasa yako wazi, mlinzi alikosea na afungwe. Bwana Shauri alimnyamazisha, akamgeukia arap Mibei.

"Mzee, usiponijibu nitakufunga kweli. Uliona maji yakija?"

Sauti ilimtoka arap Mibei kwa shida, nyembamba, kama ya mgonjwa.

"Niliona, Pwana. Ilikuwa kupwa sana. Ilitoka huku na ikatoka huku."

"Na bado ukawaita?"

"Niliita mpaka koo ikakataa."

"Basi uliwaambia waende wapi?"

Mzee alimtazama Onsongo, machozi yakimshuka bila kuyafuta. Kisha aliinua mkono polepole, akaonyesha nje ya dirisha, juu, kwenye kilele cha kilima.

"Panda," alisema.