Ushindi wa Saa Kumi na Robo

Lori la kombora lilikwama mara tatu kwenye kona ya kisima cha Beit Jarwan. Mara ya kwanza Abu Zilzal, kamanda wa waasi, aliwalaumu mabeberu. Mara ya pili aliwalaumu majasusi. Mara ya tatu palikuwa na punda mbele yake, na kamanda alimkazia macho kama anayefikiria kumfungulia mashtaka.

Hatimaye lori likaegeshwa kwenye uwanja wa kupuria mtama, hatua ishirini kutoka mlango wa Hajja Taqiyya.

"Furahi, mama," alisema kamanda. "Kombora hili litatoka mlangoni pako mpaka uwanja wa ndege wa adui. Kilomita mia tisa!"

"Na ndege zao zitatoka huko mpaka mlangoni pangu. Beit Shuwai mlirusha Jumatatu. Jumanne hapakuwa na Beit Shuwai."

"Wale ni mashahidi, Hajja. Wako peponi."

"Na nyie mlikuwa wapi?"

"Sisi tulishaondoka. Ndiyo kanuni ya kijeshi."

Katika chumba cha juu cha nyumba ya Hajja alilala binti yake, Arwa, aliyejifungua siku nne zilizopita kwa taabu iliyomwacha hawezi hata kuketi. Kumteremsha mlima juu ya punda ni kumuua. Kumwacha pale ni kuwaachia marubani kazi hiyo. Hajja akamweleza kamanda yote hayo. Kamanda alisikitika kwa namna ya kiofisi, akasema saa ya kurusha ni saa kumi na robo alasiri na haibadiliki, kwa sababu tangazo la ushindi limesharekodiwa.

"Limerekodiwa kabla ya ushindi?"

"Tangu juzi. Msemaji wetu ana shughuli nyingi. Na nimewaombea heshima: kijiji chenu kimetajwa kwa jina."

Hajja hakubishana tena. Alimtuma kaka yake, Jubran, akakate mirungi ya shamba la juu, ile wanayomwekea bwana harusi. Yeye mwenyewe akapika salta, ule mchuzi mzito wa nyama, akauleta ungali unachemka, pamoja na mkate wa asali.

Katika milima ile hakuna mwanamume anayekataa chakula. Aliyekula hakatai mirungi ya mwenyeji wake, maana hilo ni tusi. Na aliyekwisha kutafuna vizuri hainuki, hata nyumba ikiungua, mpaka ahakikishe ni nyumba yake.

Saa tisa Abu Zilzal aliegemea mto sebuleni kwa Hajja, shavu limemvimba kama la mgonjwa wa jino. Saa tisa na nusu alikuwa amezikomboa nchi mbili kwa mdomo. Saa kumi Hizam, fundi wa mtambo, akatazama saa yake.

"Kamanda, bado robo saa."

"Hebu tulia wewe. Nilifika wapi?"

"Umeingia bandarini kwao na watu saba," alisema Jubran kwa heshima kubwa, akimwongezea majani.

"Sita. Wa saba nilimwacha alinde viatu."

Kisha ikawafikia ile saa wanayoiita saa ya Suleimani, ambapo majani huwa yameingia damuni, maneno yakaisha, na kila mtafunaji akatazama dirishani akiamini kwamba majini yanamngojea yeye tu atoe amri. Kamanda aliukodolea macho mlima kama anayetaka kuununua. Hizam alitabasamia ukuta. Saa kumi na robo ikaja, ikakuta watu wamekaa, ikapita.

Kilichowazindua ni muziki wa televisheni. Kumi na moja kasorobo, msemaji alitokea na sare iliyopigwa pasi, kidole juu.

"Leo, saa kumi na robo, kombora lililorushwa kutoka milima mitukufu ya Beit Jarwan limeupiga uwanja wa ndege wa adui kwa usahihi mkubwa!"

Wote wakageukia dirisha. Kombora lilikuwa limelala palepale chini ya turubai. Kuku wawili walikuwa wamelipanda.

"Turushe sasa?" aliuliza Hizam.

"Turushe nini, mpumbavu? Si limeshapiga!"

"Basi tulirudishe ghalani."

"Ghala litapokeaje kombora lililolipuka?"

Kamanda akatema majani. Adui akikanusha, msemaji ataonekana mwongo, na anayenyongwa kwa uongo wa msemaji kamwe huwa si msemaji mwenyewe.

"Wakikanusha tu, nalirusha papo hapo," alisema. "Heri nichelewe kuliko niitwe mwongo."

Hajja alisimama mlangoni na birika la chai. Jina la kijiji lilikuwa limeshatangazwa dunia nzima. Wakikanusha, kombora litaruka juu ya kichwa cha Arwa. Wakikubali, ndege zitakuja kulipiza kisasi cha kitu ambacho hakijanyanyuka. Akatega sikio juu, kuelekea angani. Upepo tu.

Saa kumi na mbili Jubran akaitafuta redio ya upande wa pili. Mtangazaji wao alikuwa na sauti laini, sauti ya watu wenye viyoyozi. Alisema kwamba mitambo ya ulinzi ililidungua kombora la waasi angani saa kumi na dakika ishirini na moja, na mabaki yake yakaangukia jangwani bila kumdhuru mtu.

Abu Zilzal akashusha pumzi, akamshukuru Mungu.

Mtangazaji akaendelea kusema kwamba saa kumi na moja kamili ndege zao zilikishambulia kijiji cha Beit Jarwan, zikakiteketeza chote, na kwamba kwa kuwa hakuna kilichosalia, operesheni hiyo imefungwa rasmi.

Kisha huko chumba cha juu Arwa, marehemu tangu saa kumi na moja, akagonga sakafu akitaka supu nyingine.