Nafasi ya Mlangoni

Watu walimsifu Badi, fundi wa milango ya nakshi, kwa unyenyekevu: kila Ijumaa alisali nyuma kabisa, karibu na viatu.

"Unyenyekevu gani wa kukimbilia chooni katikati ya hotuba?" jirani yake, Mzee Shebe, alimnong'oneza wakivaa ndara. "Nami nilikaa hapo hapo, nikiona haya. Kumbe tezi dume yangu ilikuwa imetanuka."

"Ndiyo saratani hiyo, mzee?"

"Yangu haikuwa. Kapimwe, ujue yako."

Badi akapimwa, akapewa vidonge, safari za chooni usiku zikapungua, usingizi ukamrudia. Akarejea safu ya mbele. Ijumaa moja aligeuka kabla ya hotuba, akamwona sonara mmoja amejikunyata mlangoni, macho yakielekea chooni. Badi akainuka, akaenda taratibu kuketi kando yake, karibu na viatu.