Baraza la Bi Kanga

Zamani mtaa wa wanyama ulikuwa na baraza kila mlangoni. Bi Kanga aliketi kwenye lake akipeta mchele na kumjulia hali kila mpita njia, hata Fungo mwizi, ambaye aliulizwa maswali mpaka akarudi mikono mitupu.

Kisha akaja Kima na ramani za maghorofa. "Vunjeni mabaraza, mjenge kuta. Mwizi hatapita." Wakavunja, na mtaa ukapoa.

Jioni moja Bi Kanga alichungulia getini, akamwona Fungo na gunia la unga la jirani.

"Huogopi kuonekana?"

"Na nani, bibi? Wote mmejifungia."

Bi Kanga akatoka, akatandika mkeka nje ya ukuta, akaketi na ungo wake. "Haya, Fungo. Hujambo? Watoka wapi na mzigo huo?"

Fungo akatua gunia. "Shikamoo, Bi Kanga," akasema kwa unyonge, kama zamani.